Shilingi 30 za dawa ya minyoo: kisa cha Busia

Mwaka 2001, katika shule 25 za msingi wilayani Busia, magharibi mwa Kenya, wazazi waliambiwa kwamba dawa ya minyoo ambayo watoto wao walikuwa wakipewa bure sasa ina bei. Katika shule nyingi kati ya hizo bei ilikuwa shilingi 30, na hizo ni za familia nzima, hata kama ina watoto watatu shuleni. Pale penye kichocho, ambapo vidonge vya aina ya pili vilihitajika, bei ilikaribia shilingi 100. Katika shule nyingine 25, zilizotengwa na hizo kwa bahati nasibu, dawa iliendelea kutolewa bure. Kwenye shule za bure, watoto 75 kati ya 100 walimeza dawa. Kwenye shule za kulipia walimeza 19.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kuliko kingine chochote katika kazi ya tathmini, kwa sababu kinagusa sentensi ambayo nimeikuta katika maandiko mengi ya miradi: "Jamii itachangia gharama ili mradi uwe endelevu." Anayeiandika anajua mfadhili anapenda kuisoma, na mfadhili anapenda kuisoma kwa sababu inampa matumaini kwamba ipo siku ataondoka na kazi itaendelea. Busia iliijaribu sentensi hiyo kwa vipimo. Lakini ili kuelewa kwa nini jibu lake lina uzito, lazima turudi nyuma miaka michache, kwenye shirika dogo ambalo fedha hazikulitosha.

Shirika lenyewe ni la Kiholanzi, Internationaal Christelijk Steunfonds, maarufu kama ICS. Miaka ya 90 lilikuwa likisaidia shule za Busia na Teso kama mashirika mengi yanavyofanya: vitabu, madarasa, sare. Mchumi wa Marekani, Michael Kremer, ambaye katika ujana wake aliwahi kufundisha shule magharibi mwa Kenya, alileta wazo ambalo ukilisikia leo unaona ni jepesi. Kwa kuwa shirika haliwezi kuzifikia shule zote kwa mwaka mmoja, zipo zitakazotangulia na zipo zitakazosubiri, upende usipende. Basi mpangilio wa nani atangulie uachiwe bahati nasibu, halafu waliotangulia walinganishwe na wanaosubiri.

Walianza na vitabu vya kiada. Mwaka 1996 shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu, na kila mtu alitarajia alama zipande. Kwa wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wale wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Ukikaa na jambo hili kidogo unaona sababu: vitabu vilikuwa vya serikali, kwa Kiingereza, na kwa mtoto wa Busia Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Ukimpa kitabu asichoweza kukisoma, umempa uzito wa kubeba tu.

Kisha zikaja chati kubwa za kufundishia. Hapa pana somo ambalo kila afisa wa ufuatiliaji na tathmini angepaswa kulijua. Walipolinganisha tu shule zilizokuwa na chati na zisizo nazo, ilionekana chati zinapandisha alama vizuri. Walipogawa kwa bahati nasibu na kupima katika shule 178, athari haikuonekana. Ule ulinganisho wa kwanza ulikuwa unapima kitu kingine: shule yenye chati pengine ina mwalimu mkuu mchangamfu, wazazi wenye uwezo, kamati inayokutana. Chati ilikuwa ikisifiwa kwa kazi ya watu. Ripoti nyingi za miradi ninazozisoma zimejengwa juu ya ulinganisho wa aina hiyo, na waandishi wake ni watu waaminifu kabisa.

Mwaka 1998 ndipo ulipoanza mradi wa minyoo. Shule 75 za tarafa za Budalangi na Funyula, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Anayeijua Budalangi anajua mafuriko ya mto Nzoia, na anajua Ziwa Victoria liko karibu, kwa hiyo kichocho si kigeni huko. Vipimo vya mwanzo vilionyesha watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wana angalau aina moja ya minyoo: safura, minyoo ya mviringo, minyoo mjeledi, au kichocho. ICS haikuwa na fedha wala watu wa kuzifikia shule zote 75 kwa mara moja. Shule zikaorodheshwa, zikahesabiwa moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, hadi orodha ikaisha. Kundi la kwanza lilianza dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Wapo waliokuja kuuliza baadaye kama kuhesabu hivyo kuna nguvu sawa na kuchota vikaratasi kwenye chungu. Ni swali halali, ingawa sijaona hoja ya kunishawishi kwamba kila shule ya tatu kwenye orodha ina jambo lake la pekee.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni namna walivyopima mahudhurio. Kitabu cha mahudhurio cha shule hawakukitegemea. Mkusanya takwimu alifika bila taarifa, akiwa na orodha ya majina, akaangalia nani amekaa darasani siku ile. Mtoto aliyehamia shule nyingine alitafutwa huko. Aliyeacha shule kabisa hakufutwa kwenye orodha. Alihesabiwa kuwa hayupo. Jambo hili linaonekana dogo, lakini fikiria mradi unaopima mahudhurio ya waliobaki tu. Wagonjwa na walioshindwa wanaondoka, wastani unapanda, na ripoti inapendeza. Nimeona hesabu za namna hiyo zikipigiwa makofi ukumbini.

Matokeo yalichapishwa 2004 na Kremer pamoja na Edward Miguel. Utoro ulipungua kwa angalau robo katika shule zilizopata dawa. Hata watoto ambao hawakumeza dawa katika shule hizo walipungukiwa na minyoo, kwa sababu mayai ya minyoo husambaa kupitia kinyesi, udongo na maji, na kila mtoto anayetibiwa anapunguza yanayomwagika uwanjani. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikubadilika. Waandishi walilisema wazi hilo tangu mwanzo, ila wengi waliobeba habari hii walilisahau njiani.

Kuna tarakimu moja iliyosafiri kuliko zote: kwamba mwaka mmoja wa ziada wa mtoto kuwa darasani hugharimu dola 3.50 tu kwa njia ya dawa ya minyoo. Hesabu hiyo ilitumia gharama ya senti 49 za dola kwa mtoto kwa mwaka, iliyotokana na mpango mkubwa uliofanyika Tanzania. Gharama ya ICS yenyewe kule Busia, kwa kununua na kufikisha dawa, ilikuwa kama dola 1.49 kwa mtoto. Hakuna udanganyifu hapo. Waandishi walitaka kujua ingekuwaje mpango ukiwa mkubwa. Lakini mtu wa shirika dogo anayeinakili dola 3.50 kwenye andiko lake anaahidi kwa bei ya mpango mkubwa wakati atanunua dawa kwa bei ya duka. Athari ilipimwa mahali pamoja, gharama ikatoka pengine. Mtu anayetoa fedha zake anastahili kuambiwa hivyo.

Sasa turudi 2001.

ICS ilikuwa na msimamo wake, ule ule wa mashirika mengi: wanufaika wachangie, ili mradi uwe wao na uweze kudumu. Ilikubali msimamo huo upimwe kwa bahati nasibu katika shule zake yenyewe, na hili nalisifu kwa moyo wote. Ni rahisi kwa shirika kukubali kupimwa dawa, maana dawa ni ya kiwanda. Kukubali kupimwa imani yako mwenyewe, mbele ya wafadhili wako, kunahitaji watu wa aina nyingine.

Ada iliposhusha idadi ya watoto waliotibiwa kutoka 75 hadi 19 kwa kila 100, kuna mambo mawili zaidi yaliyojitokeza. La kwanza, ukubwa wa bei haukuleta tofauti. Kwa kuwa ada ilikuwa ya familia, mwenye watoto wengi shuleni alilipa kidogo kwa kila mtoto, na wa mtoto mmoja alilipa zaidi. Hilo halikubadilisha mwitikio. Kulikokimbiza watu ni kule kuwepo kwa bei, hata iwe ndogo. La pili linaniumiza zaidi. Watetezi wa ada husema inachuja, kwamba mwenye shida kweli ndiye atakayelipa. Busia haikuchuja. Watoto wenye minyoo mingi zaidi hawakulipiwa kuliko wengine.

Hebu tupige hesabu ya shule moja. Shule 75 zenye watoto 30,000 ni wastani wa watoto 400 kwa shule. Bila ada, watoto 300 wanameza dawa. Kwa ada wanameza 76. Wastani wa ada ulikuwa kama senti 30 za dola kwa mtoto, kwa hiyo shule nzima inaingiza chini ya dola 23. Kwa fedha hizo umewapoteza watoto 224. Na gari lililoleta dawa limekunywa mafuta yale yale, mhudumu amelipwa siku ile ile, mwalimu amesimamisha vipindi vile vile, wawe wamekuja 300 au 76. Kwa hiyo gharama kwa kila mtoto aliyetibiwa imepanda. Ada iliyowekwa ili mradi ujimudu iliufanya uwe ghali zaidi kwa kila aliyefikiwa.

Kwa nini wazazi walikataa? Jibu la haraka huwa ni umaskini, na umaskini upo. Jibu la pili ambalo hupenda kutolewa vikaoni ni kwamba hawajaelimishwa. Hilo nalo lilipimwa. Walimu walifunzwa, watoto wakafundishwa kuvaa viatu, kunawa, kuepuka maji machafu ya ziwani. Tabia zilipokuja kuangaliwa, hazikuwa zimebadilika. Walijaribu pia kuwauliza watu mapema kama watakubali dawa, wakitumaini ahadi ya mdomo itamfunga mtu. Haikufunga. Na jambo la kushangaza kuliko yote: familia zilizokuwa na ndugu na marafiki wengi katika shule zilizotangulia kupata dawa ndizo zilizopenda dawa kidogo zaidi. Walikuwa wameambiwa na watu wanaowaamini.

Wakati huo wafadhili wengi walidhani habari njema husambaa zenyewe. Wazazi wa Busia walikuwa wamepiga hesabu yao vizuri. Mtoto akimeza dawa huenda tumbo likasokota siku ile, na baada ya miezi minyoo inarudi kwa kuwa mazingira ni yale yale. Faida kubwa ya kidonge inaenda kwa majirani, kwa mdogo anayetambaa uani, kwa darasa zima. Mzazi anaombwa alipe peke yake kitu ambacho faida yake ni ya kijiji. Hakuna mtu anayedaiwa ada ya barabara inayopita mbele ya nyumba yake kisha akaitwa mjinga akisita. Ni kwa sababu hiyo gharama ya kazi kama hii hubebwa na mfuko wa wote, uwe wa serikali au wa wafadhili, na kuutafuta mfuko huo ndiyo kazi halisi ya uendelevu.

Mfuko ulipatikana kwa njia ndefu. Mwaka 2007 ulianzishwa mpango wa Deworm the World, wa kusaidia serikali kugawa dawa ya minyoo shuleni. Kenya ilitoa dawa kitaifa 2009, ikafikia watoto wapatao milioni 3.6, kukawa na pengo, kisha mpango ukaanza upya 2012 kwa ufadhili wa mfuko wa hisani wa Children's Investment Fund Foundation, huku KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ikipima maambukizi katika shule 200 ili ijulikane kama yanashuka. Vidonge vya minyoo vya albendazole vilipatikana kwa msaada: mwaka 2010 kampuni ya GSK iliahidi kuvitoa kwa watoto wa shule kupitia Shirika la Afya Duniani. Walimu wakafunzwa kugawa wenyewe, kwa siku moja iliyotangazwa. Gharama ilishuka kwa mipango hiyo, na mzazi hakudaiwa hata senti.

Ningeweza kuishia hapo kama kisa cha ushindi, lakini ushahidi nao hupimwa upya, na huu ulipimwa kwa ukali. Mwaka 2015 watafiti wengine walichapisha marudio ya uchambuzi kwa kutumia takwimu zile zile, ambazo waandishi walizitoa wenyewe. Wakakuta makosa ya kihesabu. Kubwa lilihusu namna shule jirani zilivyohesabiwa, na dai la kwamba faida ilifika hadi kilomita 6 kutoka kwenye shule iliyotibiwa halikusimama. Faida ya ndani ya shule, utoro kupungua, ilibaki, ingawa wahakiki walisema ushahidi wake una hatari ya kuegemea upande. Kwa upande mwingine, mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio kutoka nchi nyingi yalisema dawa za kugawa kwa wote hazionyeshi faida kubwa ya afya au masomo kwa wastani. Mabishano yalikuwa makali hadi yakaitwa vita vya minyoo.

Wafadhili waliokuwa wameweka fedha walifanyaje? Mfano mmoja ulio wazi ni GiveWell, shirika la Marekani linalochambua mashirika ya misaada na kuwashauri wachangiaji. Mwaka 2013 liliuweka mpango wa Deworm the World, uliokuwa sasa chini ya shirika la Evidence Action, kwenye orodha yake ya juu. Mwaka 2022 liliziondoa programu za minyoo kwenye orodha hiyo, kwa maelezo kwamba huenda faida ikawa kubwa sana lakini uhakika ni mdogo kuliko wanaoutaka kwa orodha ya watu wa kawaida. Mlango wa kuzifadhili haukufungwa. Kuna wenzangu walioliona hilo kama usaliti. Mimi naona ndivyo fedha inavyopaswa kusikiliza. Mtu anayekwambia "bado tunaamini, lakini kwa kiasi hiki" amekuheshimu kuliko anayekusifu mwaka huu na kukukata mwaka ujao bila barua.

Na katikati ya mabishano hayo, kazi iliyokuwa ikiendelea kimya ilikuwa ya kuwatafuta watoto wenyewe. Takriban wanafunzi 7,500 wa shule zile waliingizwa kwenye sampuli, wakafuatiliwa hadi utu uzima, walipo: Busia, Nairobi, Uganda, popote. Mwaka 2021 matokeo ya miaka 20 yalichapishwa. Waliopata miaka miwili hadi mitatu zaidi ya dawa utotoni walikuwa na matumizi ya juu kwa asilimia 14 na kipato cha saa cha juu kwa asilimia 13, na wengi zaidi walikuwa mijini, nje ya kilimo. Ukingo wa makosa ni mpana, na anayetaka kushuku ana nafasi yake. Lakini fikiria mtihani wa alama wa 1999 ungetolewa kama jibu la mwisho. Mradi ungefungwa kwa haki kabisa, kwa mujibu wa kiashiria chake.

Kuna deni moja ambalo halizungumzwi vya kutosha, la kundi la tatu. Watoto wa shule 25 walisubiri hadi 2001, na wengine walimaliza darasa la nane kabla dawa haijafika. Bila bahati nasibu wangesubiri vilevile, maana fedha hazikuwepo. Tofauti ni kwamba mpangilio ungeamuliwa na nani anajuana na nani. Naamini hivyo, na bado sipendi kulisema upesi. Kila tarakimu niliyoitaja hapo juu, ya utoro na ya kipato, ipo kwa sababu yao wao. Kwa hiyo shirika linalopanga kuwaweka watu kwenye foleni ya namna hii liandike kwenye mkataba na mfadhili, kabla ya siku ya kwanza, tarehe ya zamu ya mwisho na fedha zake ziwe zimetengwa. ICS iliifikia zamu ya mwisho. Nimeona miradi ambayo mfadhili aliondoka kundi linganishi likiwa bado linasubiri, na wakusanya takwimu wakaona haya kurudi kijijini.

Siku hizi ninapoletewa andiko lenye ile sentensi ya mchango wa jamii, naomba hesabu mbili kabla sijafika kwenye bajeti. Ada itabakiza kiasi gani ukitoa gharama ya kuikusanya, na ni watu wangapi watakosa huduma kwa sababu yake. Hesabu ya kwanza mara nyingi ninaletewa siku hiyo hiyo. Ya pili bado sijaletewa.